Kodi Umelipa, Karatasi I Wapi?

Mtu akipita asubuhi katika soko kuu la Kisangani ataona vyakula vingi vya kwetu: mihogo, mchele, ndizi, mawese, na samaki waliovuliwa na Wagenia pale penye maporomoko. Lakini akigeuka upande wa pili, penye vitenge, viatu vya plastiki, tochi, betri, sahani, madaftari na simu za mkononi, ataona kwamba karibu kila kitu kimetoka mbali. Vingine vilipakiwa Guangzhou au Dubai, vikashushwa bandarini Mombasa, vikapita Kampala, vikavuka mpaka wa Uganda pale Mpondwe na kuingia Kongo kwa mlango wa Kasindi. Toka Kasindi vikapelekwa Beni, na toka Beni vikafuata njia ya msitu, kama kilomita 700, kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, mpaka Kisangani. Vingine vilishushwa Matadi, vikafika Kinshasa, kisha vikapanda mto kilomita 1,734 katika majahazi na mashua za mbao.

Njia hizo mbili ni ndefu, na ya msitu ina hatari zake, kwa maana watu wenye silaha wameua wasafiri wengi katika sehemu za Beni na Ituri. Hata hivyo wachuuzi hawakuacha kusafiri. Wengi wao ni akina mama wenye mtaji mdogo: robota moja la vitenge, katoni tatu za viatu, mfuko mmoja wa nyaya za simu. Ukiwauliza ni kitu gani kinachokula faida yao, wengi watajibu kwa neno moja: kodi. Nao wakisema kodi, hutaja hasa ile ya 16 kwa mia, inayojulikana kwa herufi tatu, TVA.

Je, ni kweli? Tumeona yafaa kulichungua jambo hili kwa hesabu, maana lawama ikielekezwa mahali pasipo pake, ugonjwa hautapona.

KODI HII NI YA NAMNA GANI?

Kodi ya ongezeko la thamani si uzushi wa Kongo. Ilitungwa Ufaransa na mtumishi mmoja wa serikali aliyeitwa Maurice Lauré, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1954. Leo yatumika katika nchi nyingi za dunia. Jirani zetu waliipokea kabla yetu: Kenya mwaka 1990, Uganda mwaka 1996, Tanzania mwaka 1998, Rwanda mwaka 2001. Kongo ilitunga sheria yake tarehe 20 Agosti 2010, na kodi ikaanza kutozwa tarehe 1 Januari 2012.

Kabla ya siku hiyo ilikuwapo kodi nyingine ya mauzo, iliyoitwa ICA. Kodi hiyo ya zamani ilikuwa na kasoro kubwa. Bidhaa ilipouzwa na tajiri wa kwanza, ilitozwa. Tajiri wa pili alipoiuza, ilitozwa tena, na hesabu ya pili ilifanywa juu ya bei iliyokwisha kubeba kodi ya kwanza. Hivyo kodi ilipanda juu ya kodi, kama mzigo juu ya mzigo katika baiskeli ya toleka.

TVA ilikuja kuondoa kasoro hiyo. Sharti lake ni hili: mfanyabiashara aliyeandikishwa hutoza 16 kwa mia akiuza, lakini kabla ya kuipeleka serikalini hutoa kwanza ile kodi aliyoilipa mwenyewe aliponunua. Anapeleka tofauti tu. Kwa hiyo kila mmoja katika safu ya wauzaji hulipia kipande alichoongeza yeye, na mwisho wa safu ni mnunuzi wa nyumbani ambaye ndiye hasa aibebaye kodi nzima.

Lakini sio kila muuzaji huandikishwa. Sheria iliweka mpaka: mtu ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayafiki franki milioni 80 hahesabiwi kuwa mtozaji wa kodi hii. Akiuza, hana ruhusa ya kuongeza 16 kwa mia juu ya bei yake na kuiita kodi. Huyu ndiye mchuuzi wetu wa sokoni.

Hapa ndipo watu wengi walipokosea mwezi ule wa Januari 2012. Bei zilipanda katika miji mingi. Wauzaji wengine waliongeza 16 kwa mia juu ya kila kitu bila kuondoa ICA iliyokwisha futwa, na wengine waliongeza ingawa hawakuandikishwa. Watu wakalalamika sana, nao walikuwa na haki. Mama aliyenunua sabuni hakuwa na njia ya kujua kama kile alichoongezewa kilikwenda hazina ya serikali ama kilibaki katika sanduku la duka.

ROBOTA LIFIKAPO KASINDI

Basi tuje mpakani. Mpaka ule wa franki milioni 80 wahusu kuuza, hauhusu kuingiza mali nchini. Mali ikivuka mpaka wa nchi, TVA hutozwa na idara ya forodha, yaani DGDA, wala haijalishi kwamba mwenye mali ni tajiri mkubwa au mchuuzi mdogo, ameandikishwa au hakuandikishwa.

Tuchukue mfano. Robota la vitenge, pamoja na nauli na bima mpaka Kasindi, lina thamani ya dola 400. Tuseme ushuru wa forodha ni 20 kwa mia. Ni dola 80. Sasa TVA haihesabiwi juu ya 400, bali juu ya 400 pamoja na ushuru wake, yaani 480. Na 16 kwa mia ya 480 ni dola 76 na senti 80. Jumla ya ushuru na kodi ni dola 156 na senti 80. Ndiyo kusema, ile 16 kwa mia, ukiilinganisha na thamani ya mali peke yake, imekuwa zaidi kidogo ya 19 kwa mia. Mchuuzi asiyejua jambo hili hudhani ameibiwa, kumbe hesabu ni ya sheria.

Tuongeze dola 60 za nauli toka mpakani mpaka Kisangani. Sasa tulinganishe wafanyabiashara wawili ambao kila mmoja ameleta robota kama hilo.

Wa kwanza ni mwenye duka kubwa, ameandikishwa. Auza mali yake kwa dola 600, aongeza kodi dola 96, na mnunuzi alipa 696. Katika hizo 96 atoa zile 76 na senti 80 alizolipa Kasindi. Apeleka serikalini dola 19 na senti 20. Ukitoa gharama zake zote, faida yake ni dola 60.

Wa pili ni mama mchuuzi, hakuandikishwa. Zile 76 na senti 80 alizolipa mpakani hawezi kurudishiwa; zimekuwa sehemu ya gharama yake. Robota limemgharimu dola 616 na senti 80. Akitaka faida ile ile ya dola 60, yampasa auze kwa dola 676 na senti 80.

Tazama basi! Mama huyu aweza kuuza kwa bei iliyo chini ya ile ya duka kubwa kwa dola 19 na senti 20, na faida yao ikawa sawa. Sababu yake ni nyepesi: hakutozwa kodi juu ya nauli wala juu ya faida yake mwenyewe. Kodi ya mpakani haikurudi, lakini kodi ya sokoni haikumfika.

Iko hasara moja ambayo ni ya kweli. Mnunuzi akiwa ni kampuni au hoteli iliyoandikishwa, itapenda duka kubwa, kwa kuwa ile dola 96 itaitoa katika hesabu zake, na robota litaigharimu 600 tu. Kwa mama haina cha kutoa, hivyo italigharimu 676 na senti 80. Kwa njia hiyo mchuuzi hufungiwa mlango wa wanunuzi wakubwa. Lakini kwa mnunuzi wa nyumbani, ambaye ndiye mteja wake wa kila siku, TVA iliyolipwa mara moja, kwa kiasi chake, haimwui.

NINI BASI KINACHOMMALIZA?

Ikiwa hesabu ya sheria haimmalizi, mbona mikono yake ni mitupu mwisho wa safari? Zipo sababu nne.

Ya kwanza ni wakati. Zile dola 156 zatakiwa kabla hajauza hata kipande kimoja. Tajiri ana akiba au ana benki. Mama amekopa kwa jirani au amepokea zamu yake ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana. Safari ikichelewa kwa mvua au kwa hofu ya njiani, deni hukua huku robota limelala.

Ya pili ni gharama zisizopungua. Kufungua faili la forodha, kumlipa wakala, kupiga chapa karatasi: mambo haya hugharimu karibu sawasawa kwa robota moja na kwa shehena nzima ya gari. Tuseme ni dola 50. Mwenye marobota 100 huzigawanya, kila robota likabeba nusu dola. Mwenye robota moja huzibeba zote, na faida yake ya dola 60 imebaki dola 10.

Ya tatu ni kukosa hati ya ununuzi. Mama amenunua Kampala kwa fedha taslimu, katika duka lisilotoa karatasi, au amepewa kipande kisicho na jina wala tarehe. Akifika mpakani aulizwa thamani, ataja kwa mdomo, naye ofisa hana lazima ya kumwamini. Mali itapimwa kwa makadirio. Makadirio yakizidi ukweli, kila kinachofuata, ushuru na TVA, huzidi pia.

Ya nne ndiyo kubwa kupita zote: kulipa bila stakabadhi. Mchuuzi akiona foleni ni ndefu na maneno ni mengi, hukubali kumpa mtu fedha mkononi, nusu ya ile itakiwayo, apite. Hudhani amepata nafuu. Kumbe amenunua nafasi ya kutozwa tena. Katika kizuizi cha kwanza ataulizwa: «Karatasi i wapi?» Hana. Atatoa kidogo. Katika kizuizi cha pili ni vivyo hivyo. Akifika Kisangani, mali ile yaweza kuhesabiwa kuwa ya magendo, maana mali ya nje isiyo na hati ya forodha haina wa kuitetea. Dola 10 zikitolewa mahali patano ni dola 50. Pamoja na zile za mpakani zimekaribia au kupita haki ya serikali, wala hazina haikupata kitu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kodi nayo, bila karatasi hupotea bila habari.

MZIGO WA WENGI, JINA LA MMOJA

Wachuuzi wengine, kwa kuogopa taabu hizo, huweka mali zao pamoja katika gari la tajiri mmoja. Jambo hili si baya. Laweza kupunguza gharama za faili na za wakala. Lakini angalieni jina liandikwalo katika hati ya forodha. Mara nyingi ni la tajiri peke yake. Wale kumi na wawili waliochanga fedha za ushuru na kodi hawaonekani popote.

Na hapa pana jambo ambalo wachuuzi wachache hulitambua. Kwa kuwa tajiri ameandikishwa na hati ina jina lake, aweza kuidai katika hesabu zake TVA yote iliyolipwa mpakani, hata ile aliyochangiwa na wenzake. Mama alilipa, tajiri akairudisha mfukoni mwake. Wala mama hawezi kulalamika, kwa kuwa hana karatasi ya kuonyesha kwamba alitoa kitu.

Kwa sababu hiyo, wanaokusanya mali pamoja waandikiane kwanza. Majina yao wote, marobota yao, thamani zake na fedha walizochanga viandikwe katika orodha moja, wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Afadhali zaidi wakiunda chama cha ushirika chenye jina lake mwenyewe, ili hati itoke kwa jina la chama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vingi visivyoelewana navyo havivunji.

JE, MALI NDOGO ISAMEHEWE KABISA?

Mtu atasema: ikiwa taabu ni nyingi namna hii, kwa nini serikali isisamehe mali yote yenye thamani ndogo? Swali hili limeulizwa duniani kote, na jibu lililopatikana latufundisha.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilisamehe kodi ya mauzo kwa kifurushi chochote cha kutoka nje kisichozidi thamani ya euro 22. Australia ilisamehe mpaka dola zake 1,000. Sababu ilikuwa kwamba kukusanya senti chache kulikuwa na gharama kuliko senti zenyewe. Kisha ikaja biashara ya mtandao wa intaneti, na vifurushi vidogo vikawa mamilioni. Mwenye duka wa mtaani, aliyetoza kodi kama sheria isemavyo, akaona mteja wake akiagiza kitu kile kile toka ng'ambo bila kodi. Wengine wakaanza kuigawa shehena kubwa katika vipande vidogo, au kuandika thamani ya uongo. Australia ikaondoa msamaha huo tarehe 1 Julai 2018, na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Julai 2021. Hata Marekani, ambayo ilisamehe ushuru wa forodha kwa vifurushi visivyozidi dola 800, ilisimamisha msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025.

Kwetu ingekuwaje? Fikirini mali yote iliyo chini ya dola 500 ikipita bure. Kesho yake mwenye magari kumi atawalipa watu mia, kila mmoja abebe robota moja na kusema ni lake. Msamaha uliowekwa kwa ajili ya mama maskini ungekuwa mlango wa tajiri.

Tena tusisahau watengenezaji wa kwetu. Kisangani kuna jina ambalo wazee hulitaja kwa fahari: SOTEXKI, kiwanda cha nguo kilichosokota, kufuma na kuchapa vitenge vilivyovaliwa sehemu nyingi za nchi. Sababu za kudhoofika kwake ni nyingi: vita, ukosefu wa pamba ya karibu, taabu za umeme, mashine zilizochakaa. Lakini miongoni mwao ilikuwapo pia hii, kwamba vitenge vya nje vilijaa masokoni, na vingine viliingia kwa magendo bila kulipa chochote, vikashindana na kitenge ambacho kila mita yake ilibeba kodi na mishahara. Mali ya nje ikiingia bure na mali ya nyumbani ikitozwa, fundi wa nyumbani ataifunga mashine yake.

Kwa hiyo twasema: mali ndogo isisamehewe kabisa, bali njia yake irahisishwe. Na njia nyepesi imekwisha buniwa. Nchi za COMESA, na Kongo ni mmoja wao, zina utaratibu wa biashara ndogo ya mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, nayo ina cheti chepesi cha asili kwa mali isiyozidi dola 2,000. Mchuuzi hujaza karatasi fupi, mali yake ikiwa katika orodha iliyokubaliwa, na ushuru wa forodha huondolewa.

Lakini sikilizeni vizuri mambo mawili, maana wengi wamedanganyika. Kwanza, utaratibu huo ni kwa mali iliyotengenezwa au kuvunwa katika nchi wanachama: maharagwe ya Uganda, sabuni ya Kenya. Kitenge cha China hakigeuki kuwa cha Uganda kwa sababu kimenunuliwa Kampala. Pili, kinachoondolewa ni ushuru wa forodha. Kodi ya mauzo hubaki pale ambapo sheria ya nchi yaitaka.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa mchuuzi: usinunue bila hati yenye jina la duka, jina lako, tarehe, idadi na bei. Ifanye hesabu yako kabla ya kufika mpakani, kama tulivyofanya hapo juu, ili ujue mapema kiasi cha haki. Fahamu pia kwamba amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu ziruhusiwazo kufanya kazi mpakani: forodha, ukaguzi wa mali (OCC), uhamiaji (DGM) na afya. Ukikutana na wa tano, wa sita na wa saba, una haki ya kuuliza kwa adabu: «Bwana, malipo haya ni kwa sheria gani, na stakabadhi yake ni ipi?» Ukiisha lipa, weka karatasi zako mahali pakavu, na nakala uiache nyumbani.

Weka pia daftari la mauzo. Franki milioni 80 si kitu kisichotembea. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama franki 920, hivyo mpaka ule ulikuwa kama dola 87,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 dola moja ilipata kama franki 2,800, na mpaka ule ule ukawa chini ya dola 30,000. Mchuuzi ambaye biashara yake haikukua hata kidogo ameweza kuusogelea mpaka kwa sababu fedha imepungua nguvu. Asiye na daftari atagutushwa siku atakapoambiwa kwamba ameupita. Zaidi ya hayo, sheria ya Februari 2013 iliwawekea wadogo kodi yao ya peke yake juu ya mapato: franki 50,000 kwa mwaka kwa yule asiyefikisha mauzo ya franki milioni 10, na moja kwa mia ya mauzo ya bidhaa kwa yule aliye kati ya milioni 10 na 80. Viwango hubadilishwa na sheria za fedha. Yafaa kila mwaka mpya kuuliza ofisi ya kodi, DGI, kabla hujaulizwa nayo.

Kwa mnunuzi: ukiona katika karatasi ya duka neno TVA, tazama kama duka hilo limeandika namba yake ya kodi. Kodi utoayo si mali ya mwenye duka. Ni amana mikononi mwake. Na mchuuzi wa meza akikuambia, «Bei imepanda kwa sababu ya TVA,» mwambie kwa upole kwamba yeye hatozi kodi hiyo. Aseme tu bei yake, nanyi mpatane.

Kwa ofisa wa mpakani na wa vizuizini: kila stakabadhi usiyoiandika yapungukia mahali. Ni mshahara wa mwalimu, ni dawa ya zahanati, ni daraja la barabara ile ile upitayo. Mama anayelipa na kupewa karatasi hurudi mwezi ujao kwa mlango ule ule. Mama anayenyang'anywa hutafuta njia ya porini, na siku hiyo serikali yakosa vyote. Bei za ushuru zibandikwe ukutani, kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, kwa herufi ambazo mtu wa darasa la nne aweza kuzisoma.

Kwa wanafunzi: ninyi mliojifunza hesabu ya kwa mia shuleni, msiiache ndani ya madaftari ya mtihani. Jioni mama akirudi toka sokoni, keti naye penye taa. Chora safu nne: gharama ya mali, ushuru, kodi, nauli. Jaza kila safu kwa maneno yake mwenyewe, kisha umwonyeshe faida iko wapi na tundu liko wapi. Huenda mtaona kwamba lile tundu kubwa si TVA mliyoilaumu, bali ni zile dola kumi kumi zilizotoka mkononi njiani, bila jina wala tarehe.

Kulipa kodi ya haki ni wajibu wa raia. Kupewa stakabadhi ni haki yake, wala haiombwi kama sadaka. Mambo haya mawili yakienda pamoja, robota moja laweza kumlisha mama na watoto wake, na kubakiza kitu kwa safari ya pili.